Jua hulikausha godoro, maji ndiyo hulitoharisha

Kila sifa njema anastahiki Allah (S.W.), Mola Mlezi wa viumbe vyote. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), ahali zake na masahaba zake. Ama baada ya hayo, Ijumaa hii tunazungumzia jambo ambalo wengi hulihesabu kuwa dogo, ilhali limo ndani ya kila nyumba na linagusa nguzo ya pili ya dini yetu. Nalo ni tohara ya godoro.

Katika mkoa wa Singida, kuanzia Manyoni hadi Kiomboi, apitaye mitaani asubuhi ya kiangazi hukuta magodoro yameegemezwa ukutani au yametandazwa juu ya ua. Mtoto amekojoa usiku, mama amelitoa godoro nje, jua na upepo vimelikausha, na jioni limerudishwa kitandani. Ikisalia harufu, hufukizwa udi. Hapo wengi huamini kwamba kazi imekwisha. Lakini kwa mujibu wa madhehebu ya Imamu Shafi (Allah amrehemu), yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, kazi yenyewe bado haijaanza. Jua hukausha na udi hunukisha, lakini hakuna kati ya hivyo viwili kinachotoharisha. Kitoharishacho ni maji.

Madhara yake ni makubwa kuliko tunavyodhani. Mtu akilala juu ya godoro lenye najisi kavu naye mwili wake ni mkavu, hapati najisi. Akitokwa na jasho likagusana na mahali pale, najisi humhamia, naye huenda akasimama kuswali Alfajiri bila kujua. Na wapo wagonjwa na wazee wanaoacha swala kwa muda mrefu wakisema, "Nitaswali vipi, na godoro langu si safi?" Hilo ndilo linalotusukuma kuandika.

Najisi hazilingani

Wanazuoni wameigawa najisi katika daraja tatu. Ya kwanza ni khafifu, nayo ni mkojo wa mtoto wa kiume ambaye hajatimiza miaka miwili na hali chakula ila maziwa. Imepokewa na Bukhari na Muslim kwamba Ummu Qays bint Mihsan (R.A.) alimpeleka mwanawe mchanga kwa Mtume (S.A.W.), mtoto akamkojolea nguoni. Mtume akaagiza maji, akanyunyizia pale wala hakuosha. Kwa hiyo, baada ya kuondoa umajimaji wa mkojo, hunyunyizwa maji yakaenea mahali pote ulipofika. Mtoto akishaanza kulishwa uji wa uwele au wa mtama, ruhusa hiyo imekwisha. Na mkojo wa mtoto wa kike huoshwa tangu mwanzo.

Ya pili ni najisi ya kati: mkojo wa wengineo, choo, matapishi, na damu ya hedhi au ya nifasi. Hii ndiyo tunayokutana nayo zaidi kitandani. Ya tatu ni nzito, nayo ni ya mbwa na nguruwe, ambayo huoshwa mara saba, moja kati ya hizo kwa maji yaliyochanganywa na udongo. Ama manii, katika madhehebu haya si najisi, ingawa usafi unataka yaondolewe.

Namna ya kuliosha

Msingi wetu ni kisa cha bedui aliyekojoa msikitini, kama walivyopokea Bukhari na Muslim. Masahaba walitaka kumkemea, Mtume (S.A.W.) akawazuia, kisha akaamuru ndoo ya maji imwagwe pale. Maji ndiyo yaliyomwagwa juu ya najisi mpaka yakaishinda. Tushike utaratibu huo.

Kwanza, wahi mapema. Vua shuka na foronya ya godoro, vifuliwe peke yake. Chukua khanga kuukuu iliyo kavu, ikandamize mahali palipoloa mpaka inyonye mkojo wote unaoweza kutoka. Usisugue, kwani kusugua huitawanya najisi.

Pili, ondoa doa na harufu. Kwa sifongo, tumia maji kidogo ya sabuni na brashi laini. Doa la zamani hulainika kwa siki iliyochanganywa na maji kwa kiasi sawa. Damu huoshwa kwa maji baridi, kwa kuwa maji ya moto huigandisha. Dawa yenye klorini isitumike: huharibu sifongo, na ikikutana na mkojo au siki hutoa mvuke wenye madhara kwa mapafu.

Tatu, na hapa ndipo wengi wanapokosea, toharisha kwa maji matupu. Maji ya sabuni husafisha, lakini yaliyobadilika kwa sabuni hayaondoi hukumu ya najisi. Liinamishe godoro juu ya mawe au kichanja, kisha mimina maji safi kwa birika kuanzia juu ya doa, yapenye na kutokea upande wa pili. Kandamiza kwa viganja, umimine tena. Yakitoka bila rangi wala harufu ya najisi, pametoharika. Ikibaki rangi peke yake au harufu peke yake baada ya jitihada, imesamehewa. Khawla bint Yasar (R.A.) alimwuliza Mtume (S.A.W.) kuhusu alama ya damu isiyotoka nguoni, akaambiwa kwamba maji yanamtosha na alama ile haimdhuru. Hadithi hiyo imo katika mkusanyiko wa Abu Daud.

Tahadhari na kitambaa kinachochovywa ndooni, kikapangusa mkojo, kisha kikarudishwa ndooni. Maji machache, yasiyofikia kulateni mbili ambazo hukadiriwa kuwa lita 200 hivi, hunajisika mara yanapoingiwa na najisi. Anayefanya hivyo huipaka najisi godoro zima. Maji yaiendee najisi. Najisi isipelekwe kwenye maji.

Huenda mtu akasema kwamba maji kwetu ni ya taabu, hasa miezi ya kiangazi visima vinapopungua. Ni kweli, lakini dini yetu haikutaka ubadhirifu. Mtume (S.A.W.) alikuwa akitawadha kwa kibaba kimoja, ambacho hakifiki lita moja, na akioga kwa pishi moja hadi vibaba vitano. Mkojo ukishanyonywa vizuri, hakuna haja ya kulilowesha godoro zima. Huoshwa mahali penye najisi tu. Na maji yanayochuruzika yakielekezwa kwenye shina la mpapai, hayakupotea.

Nne, kausha. Usilisokote godoro kwa kuwa sifongo hukatika. Lisimamishe penye upepo, uligeuze mara kwa mara, na ulifunike kwa shuka nyepesi, maana jua kali likilipiga moja kwa moja siku nyingi, sifongo hugeuka manjano na kumeguka. Upepo wa Singida katika miezi ya Juni hadi Agosti ni neema katika kazi hii. Wakati wa mvua, kuanzia Desemba hadi Aprili, anza asubuhi na mapema, wala usilirudishe godoro likiwa bichi. Unyevu huzaa ukungu, na ukungu huamsha pumu. Godoro la pamba au sufi hufumuliwa, ujazo ukaoshwa na kuanikwa mbali na mfuko wake.

Mgonjwa na mtoto

Kwa mgonjwa na mtoto, tandika mpira au nailoni nene chini ya shuka, ili najisi isilifikie godoro. Mgonjwa aliyelala juu ya godoro lenye najisi atandikiwe shuka tohara na nzito mahali anaposwalia, aswali kadiri awezavyo. Mtume (S.A.W.) alimwelekeza Imran bin Husayn (R.A.) aswali kwa kusimama, asipoweza akae, asipoweza alale ubavu. Asiyeweza kuuzuia mkojo ana hukumu zake za udhuru, na amwulize shekhe wa msikiti wake. Asiiache swala.

Ama mtoto anayekojoa kitandani, asipigwe wala asitangazwe mbele ya wenzake. Mtume (S.A.W.) hakumkemea bedui mtu mzima msikitini, sembuse mtoto aliyelala! Afundishwe kwenda msalani kabla ya kulala, na akikua kidogo ashirikishwe kumimina maji, ajifunze tohara kwa vitendo. Akilalamika maumivu, au akianza kukojoa baada ya kuacha kwa muda mrefu, apelekwe zahanati.

Mwisho, tusiingie katika wasiwasi. Godoro ambalo hatujui kuwa limepatwa na najisi, hata likiwa la mtumba au la mwenyeji wetu, asili yake ni tohara, kwa kuwa yakini haiondolewi na shaka. Bali tuliyoyaona kwa macho yetu, tuyaoshe kwa maji kabla jua halijatuficha.

Allah (S.W.) atujaalie kuwa miongoni mwa wenye kujitoharisha, na azipokee swala zetu. Amin. Wabillahi tawfiq.