Nafasi moja kati ya ‘Ngare’ na ‘Mara’ iwezavyo kumkosesha mkazi haki

NGAREMARA au Ngare Mara? Kwa msafiri atokaye mjini Isiolo kuelekea Archer's Post, swali hilo halina uzito. Kwa tarakilishi, hayo ni majina mawili tofauti kabisa, na mkazi aliyeandikishwa kwa tahajia moja hataonekana katika orodha iliyosakwa kwa tahajia ya pili. Iwapo orodha yenyewe ni ya wanaostahili chakula cha msaada, atarudi nyumbani mikono mitupu.

Tusiwalaumu makarani upesi. Jina hilo lina asili ya Kimaa, ambamo ‘enkare’ ni maji, hivyo wanaolitenganisha wana hoja.

Mtaalamu wa hifadhidata anapotaka rekodi za eneobunge la Isiolo Kaskazini, huandika ulizo kwa lugha ya SQL, ambayo chimbuko lake ni kampuni ya IBM katika miaka ya 1970. Ndani yake hutia orodha ya wadi saba: Wabera, Bulla Pesa, Chari, Cherab, Ngare Mara, Burat na Oldonyiro. Kila jina hufungwa kwa alama za nukuu, kisha koma. Ripoti zikiwa 20, orodha hunakiliwa mara 20. Akisahihisha 19 na kusahau moja, hiyo moja ndiyo itakayomuumbua.

Hapo ndipo makro hufaa. Makro ni jina fupi linalosimama badala ya maandishi marefu: orodha huandikwa mara moja, nayo tarakilishi huipachika kila jina hilo litajwapo. Bora zaidi, makro huweza kuamriwa isome majina kutoka jedwali la wadi na kuunda orodha yenyewe, koma na nukuu zikiwemo. Jedwali likisahihishwa, ripoti zote hufuata.

Mitego haikosi. Ritifaa ya Murang'a huchukuliwa kuwa mwisho wa nukuu, na ulizo zima huvurugika isiporudufishwa. Kenya ina wadi 1,450, ilhali mfumo wa Oracle kwa miaka mingi ulikataa orodha ya vipengee zaidi ya 1,000. Mbaya kuliko yote ni pengo: ukitafuta wasiokuwemo katika orodha, na orodha hiyo ina thamani tupu hata moja, hupati jina lolote, wala onyo hutolewi.

Walio makini hukwepa majina na kutumia nambari. Isiolo ni kaunti ya 11, na nambari hiyo haina tahajia ya pili.