Kwenda Kanada: mukanda wa kazi njo unaleta pointi

Ndugu zetu wa Shituru, Panda na Kikula wanakuja ku sendika kutuuliza juu ya Kanada. Wengi wanashika diplôme d'État ndani ya plastiki na wanafikiri ile njo karatasi yenye nguvu. Hapana. Tuhesabu pamoja bila kudanganyana.

Mu programu ya serikali kuu ya Kanada kwa wafanyakazi wenye ufundi, lazima mtu afikishe pointi 67 juu ya 100. Diplôme d'État, wakikubali kama iko sawa na sekondari ya kule, inaleta 5 tu. Miaka ya kuzaliwa: mpaka 35 unapata 12, kisha kila mwaka unakula pointi moja, na ku 47 inabaki zero. Kifaransa kinaleta mpaka 24, lakini kwa mtihani wa TEF ao TCF, hata kama ulisoma kwa Kifaransa tangu utoto. Kazi ya miaka 6 na kupita, 15. Basi soudeur wa miaka 34 mwenye diplôme d'État, hata akishinda mtihani sana, anafika 56. Bibi yake akifanya naye mtihani wa luga, wanaongeza 5. Kingereza cha kutosha, 4. Kaka ao dada mwenye ruhusa ya kukaa kule kabisa, 5 ingine. Hapo inafika 70. Na bado si visa: unaingia mu kundi, na wanaita wa juu kwa hesabu ingine. Tangu 2023 wanaita pia wenye Kifaransa kizuri peke yao, na hapo sisi Wakongomani tuko na nafasi.

Lakini shida yetu kubwa iko mu zile 15 za kazi. Kule hawataona mikono yako. Wanataka mukanda wenye kichwa cha kampuni na sahihi ya mukubwa: jina la kazi, mambo uliyofanya, tarehe ya kuingia na ya kutoka, saa ngapi kwa juma, mushahara. Tena wanahesabu miaka 10 ya nyuma tu. Bazee waliotoka Gécamines kwa départ volontaire ya 2003, karatasi zile muzitunze, lakini hapa hazisaidie.

Wengi wetu wa sous-traitance, mukanda unasema « manœuvre ». Mtu anasudua vyuma miaka 8, anafungua pompe na kuirudisha, karatasi inasema manœuvre! Kanada kila kazi iko na namba na ngazi yake. Soudeur anaingia, mécanicien wa mashini kubwa anaingia, hata mineur wa chini ya udongo anaingia. Manœuvre wa mine haingii. Neno moja la biro linafuta miaka 8. Na neno lile lile njo linashusha mushahara wetu hapa Likasi kila mwisho wa mwezi, kwa hiyo hata asiyefikiria kusafiri hata siku moja, vita hii ni yake.

Code du travail ya 2002 inalazimisha patron kukupa certificat wakati mukataba unaisha: kazi ya namna gani, tangu lini mpaka lini. Haisemi saa wala mushahara. Basi omba na ule mukanda mwingine, na uombe ungali kazini, wakati chef anayekujua angali pale. Kampuni ya sous-traitance leo iko, kesho mlango una kufuli. Kama imekwisha kufunga, kusanya mukataba, fiches de paie zote na karatasi za CNSS, uandike barua ya kueleza kwa nini mukanda hauko.

Bamama, fiches de paie njo zinapotea kwanza mu nyumba. Musiwashie moto.

Kuna watu mu mji wanaouza mikanda ya uwongo. Kanada wakivumbua, wanakufungia miaka 5. Franga zako mwuzaji hatarudisha.

Ku biro ya sendika tumeandika mufano wa mukanda, kwa Kifaransa, na nafasi ya saa, mushahara na kazi yenyewe. Unaupelekea chef aujaze na kuutia sahihi. Hatuombe kitu. Akikataa kuandika kazi unayofanya kweli, rudi kwetu na jina la kampuni.