Kabla ya Kununua Amplifaya ya Intaneti
Amplifaya ya intaneti hubeba kazi tatu katika kasha moja: hupokea muziki kwa Wi-Fi au waya wa mtandao, huugeuza kutoka tarakimu kuwa mawimbi ya umeme, kisha huyakuza mawimbi hayo hadi yaweze kuendesha spika. WiiM Amp, kwa mfano, hutoa wati 60 kila upande kwenye spika za omu 8. Wati huwahadaa wengi. Kuziongeza maradufu huzidisha sauti kwa desibeli 3 tu, tofauti ndogo sikioni. Spika zenyewe, na mahali zilipowekwa chumbani, zina uzito zaidi. Programu ya kupokea muziki nayo hupitwa na wakati mapema kuliko amplifaya yenyewe. Kwa hiyo mwenye amplifaya nzima ya zamani anunue kwanza kipokezi kidogo cha muziki wa mtandaoni, akichomeke nyuma kwenye tundu la AUX.