Kalamu ya Mpingo: Kazi Iko Ndani ya Tundu

Gogo la mpingo likipasuliwa kwa ajili ya klarineti na obo, sehemu kubwa yake haifiki kwenye ala. Mti huu hukua umejipinda, mara nyingi una nyufa na uvungu katikati, na watengeneza ala hawataki kipande chenye dosari hata ndogo. Yanabaki mapande mafupi yaliyo mazima kabisa ila hayana urefu wa kutoa ala. Kalamu haihitaji makubwa: kipande cha mraba cha milimita 19 kwa 19, chenye urefu wa sentimita 13 hivi, kinatosha. Kwa maoni yangu hakuna matumizi ya heshima zaidi kwa mabaki hayo, na ni heri mara mia kuliko kuyachoma mkaa.

Mpingo wetu hutoka zaidi Lindi, Mtwara na Ruvuma, na wasomaji wengi wanaujua kupitia vinyago vya Wamakonde. Wakerezaji wa kalamu wa Marekani na Ulaya huuagiza kwa bei ya juu, wakauweka kwenye rafu moja na kokobolo ya Amerika ya Kati na miti mingine ya kifahari. Sisi tunao nyumbani. Tunachokosa mara nyingi ni ustadi wa hatua zile ambazo mnunuzi hazioni.

Kalamu ya mbao kwa kweli ni mirija miwili ya shaba iliyovikwa koti la mti. Mirija hiyo huja pamoja na ncha, klipu, kizungushio na kijiti cha wino katika seti moja, na ile ya kawaida kabisa ina kipenyo cha milimita 7. Fundi hutoboa kipande cha mti, hugundisha mrija ndani, kisha hukereza nje. Kazi ikiisha, kwenye miisho ya kalamu nyembamba mti huwa umebaki unene wa nusu milimita tu kuzunguka shaba. Hapo ndipo matatizo yote yanapoanzia. Mti hupungua unapokauka, shaba haipungui. Kalamu iliyokerezwa Dar es Salaam kwa mpingo ambao haujakauka vizuri, ikapelekwa kwenye nyumba ya Ulaya yenye kipasha joto, mti wake utazidi kukauka na kutaka kujibana. Ndani unakuta shaba imesimama pale pale. Haukuachiwa njia nyingine ila kupasuka kwa urefu. Mteja atasema fundi hakugundisha vizuri, kumbe kosa lilifanyika miezi kadhaa kabla ya gundi.

Kwa hiyo mpingo lazima ukaushwe, na ukaushwe polepole. Vipande vibichi hupakwa nta kwenye miisho ili maji yasitoke kwa pupa upande huo, kisha hukaa kivulini kwa miezi, wakati mwingine hata zaidi ya mwaka. Mafundi makini huvitoboa mapema na kuviacha vipumzike tena kabla ya kuingiza shaba, kwa sababu tundu huruhusu mti kukauka hata kwa ndani. Fundi mpya asiye na subira hiyo na aanze na mninga. Ni laini zaidi, una rangi nzuri ya kahawia yenye wekundu, na hupungua kidogo sana unapokauka.

Kutoboa mpingo kunataka keekee kali na mkono mtulivu. Mti huu ni mzito kuliko maji, umeshikamana, na unga wake hujazana kwenye mifereji ya keekee. Usipoitoa mara kwa mara kuisafisha, joto hupanda, na joto huupasua mpingo kwa ndani bila kukuonyesha kitu. Ufa huo utajitokeza baadaye, ukiwa umeshafika kwenye msasa. Zungusha polepole, ingia kidogo kidogo, na usitobolee hadi ng'ambo ya pili, kwa kuwa keekee inapotokeza hubomoa mdomo wa tundu. Acha kipande kirefu kuliko unavyohitaji, kisha kata ule mwisho wenye kizibo.

Gundi nayo ina siri yake. Mpingo una utomvu wenye mafuta, na gundi haipendi mafuta. Futa tundu kwa asetoni, kwaruza mrija kwa msasa mpaka mng'ao wa shaba upotee, ndipo upake epoksi. Supagluu inashika haraka, tena haraka mno: mrija ukinasa nusu ya njia, kipande kimekwenda.

Kukereza kwenyewe ndiko kunakopigwa picha, na ndiko kwepesi. Ufundi huu si mgeni katika pwani yetu. Miguu ya vitanda vya kale vya Lamu ilikerezwa kwa mashine iliyozungushwa kwa kamba. Leo vipande viwili huvishwa kwenye fimbo ya chuma katikati ya bushi zinazoonyesha kipenyo kinachotakiwa, mashine ikazunguka mara 2,000 hadi 3,000 kwa dakika. Bobari huondoa pembe, patasi hulainisha. Mpingo hukatika safi mno na huacha uso unaong'aa hata kabla ya msasa, ila hula makali. Ukiona unatoa vumbi badala ya nyuzi ndefu, acha kusukuma, kanoe chombo.

Kwenye msasa wengi huharakisha. Anza na namba 220 au hata 320 kama patasi imefanya kazi yake, panda hadi 600, kisha vitambaa vya kung'arishia vya namba za juu zaidi. Kila namba ikiisha, simamisha mashine na usugue kwa urefu wa kalamu. Bila hivyo michirizi ya mviringo hubaki, na juu ya mti mweusi kila mchirizi unaonekana kwenye mwanga wa dirisha. Kama umeacha ukanda wa mti mweupe wa nje kuwa pambo, usiufute kwa asetoni wala kitambaa kibichi: weusi wa kiini utauchafua. Upulize kwa hewa.

Halafu ndiyo umaliziaji, na hapa nina ugomvi na mtindo uliozoeleka. Wengi hupaka tabaka juu ya tabaka la supagluu hadi kalamu inang'aa kama kioo. Kwa mninga naelewa: vinyweleo vyake viko wazi, na gundi huvijaza na kuukinga na jasho la mkono. Kwa mpingo ni kuufunika mti kwa plastiki. Shelaki ya kusugulia hupendeza siku ya kwanza, lakini huyeyuka kwa spiriti, na watu leo hutembea na sanitaiza mfukoni. Mafuta ya kitani hukawia kukauka juu ya miti ya jamii hii, maana utomvu wake wenyewe huyazuia. Mpingo unataka msasa mwingi na nta kidogo, ile ngumu ya kanauba, isuguliwe kwa kitambaa hadi ipate moto. Basi. Mkono wa mwenye kalamu utaendeleza mng'ao huo kwa miaka.

Vumbi la mpingo huwasha ngozi na macho, na wengine huwaletea mafua na kukohoa. Barakoa nzuri na miwani ya kinga si mapambo.

Kwa mnunuzi: katika maduka ya watalii kuna mti mweupe uliopakwa kiwi ya viatu na kuitwa mpingo. Omba kipande cha mti uleule kabla hakijakerezwa, kikwangue kwa kisu, kisha kitumbukize kwenye maji. Kiini cha mpingo ni cheusi hadi ndani na huzama. Muulize pia fundi alikopata mti. Mabaki halali yana risiti, na mzigo wa mbao unaosafirishwa nchini unatakiwa uwe na hati ya Wakala wa Huduma za Misitu. Tangu Januari 2017 karibu miti yote ya jenasi Dalbergia, mpingo ukiwemo, imo katika Kiambatisho cha Pili cha CITES, mkataba unaosimamia biashara ya kimataifa ya viumbe walio hatarini. Marekebisho ya mwaka 2019 yaliziondoa kwenye masharti yake bidhaa zilizokamilika ambazo mti wake hauzidi kilo 10 kwa mzigo mmoja. Kalamu iliyokwisha kutengenezwa inavuka mpaka bila kibali cha CITES. Vipande ambavyo havijakerezwa, hata viwe vichache, vinakihitaji.