Chukudu: Mteremko Ndio Injini

Anayetoka Kalembe, mpakani mwa Masisi na Walikale, kwenda Goma, hupita Mweso na Kitchanga, akakata nyanda za juu za Masisi, akateremka hadi Sake, kisha akamalizia kando ya Ziwa Kivu. Mpenda baiskeli wa Ulaya angelipa pesa kuipanda milima hiyo. Mkulima wa huku anawaza jambo jingine: maharagwe, viazi, makaa na jibini vitafikaje sokoni?

Jibu la jimbo la Kivu Kaskazini, mashariki mwa Kongo, tangu miaka ya 1970 ni chukudu, chombo cha mbao chenye magurudumu mawili na usukani kama pembe za ng'ombe. Hakina pedali wala mnyororo. Mjerumani Karl Drais alitengeneza chombo cha kusukumwa kwa miguu mwaka 1817, lakini chake kilikusudiwa hasa kubeba mtu. Chukudu hubeba kilo 300 na zaidi. Mwaka 2009 Goma ilisimamisha sanamu ya chukudu ya rangi ya dhahabu, na kilistahili.

Tufanye hesabu. Chukudu, mzigo na mtu wake jumla ni kilo 400. Milima ya Masisi hupita mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Kivu liko kwenye mita 1,460 hivi. Chukua mshuko wa mita 500. Nishati inayoachiliwa ni takriban jouli milioni 2, inayotosha kuchemsha kama lita 6 za maji. Dunia imeitoa bure, na karibu yote lazima iishie kwenye joto, la sivyo mwendo utaongezeka hadi mtu aruke shimoni.

Joto hilo huenda wapi? Mtazame anayeshuka. Goti moja liko juu ya kipande cha raba kilichopigiliwa ubaoni. Mguu wa pili unakandamiza ulimi wa tairi kuukuu juu ya gurudumu la nyuma. Ukikaribia unasikia harufu ya raba inayoungua. Mbao haipitishi joto vizuri kama chuma, kwa hiyo moto hukusanyika palepale raba inaposuguana na raba. Ndiyo maana mwenye busara hukandamiza, akaachia, akakandamiza tena, na hupumzika kabla ya kona kali. Mzigo nao hufungwa chini, karibu na ardhi, ili chombo kisipinduke.

Kupanda ni habari nyingine. Mtu mwenye afya, akifanya kazi kwa muda mrefu, hutoa wati 100 hivi. Kuuinua uzito huohuo mita 500 kungemchukua zaidi ya saa tano, bila hata kuhesabu msuguano. Kwa hiyo watu husukumana wawili au watatu, au hupunguza mzigo. Chukudu imestawi kwa sababu mazao yako juu na wanunuzi wako chini. Kalembe haina bahati hiyo kamili: kabla ya kuteremkia ziwani, mzigo wake lazima kwanza upandishwe nyanda za juu.

Halafu ufukoni, ambako mtu angetarajia raha, ndiko jasho hutoka. Penye lami ni sawa, lakini penye mawe ya volkano gurudumu gumu lililovikwa raba haliwezi kulimeza jiwe kama tairi la upepo. Hulazimika kulipanda, na kila jiwe huinua kilo zote. Faida yake ni moja, nayo si ndogo: halipati pancha.

Vita navyo vina gharama zake. Oktoba 2024 Kalembe yenyewe ilikuwa uwanja wa mapigano kati ya waasi wa M23 na wanamgambo wa Wazalendo, na barabara ikifungwa, mteremko haumsaidii mtu.

Walimu wa ufundi wa Goma, kabla ya kuwafundisha vijana injini za kuagizwa, wapelekeni mteremkoni Sake na kipimajoto, wapime breki ile ya raba. Kuna nafasi ya kuiboresha, na atakayefanya hivyo ataokoa miguu ya watu.