Nyumba ya Kwanza: Mume na Mke Walipimwa Pamoja

Akina mama wengi wenye ndugu Marekani walisikia habari za dola 8,000 walizopewa watu walionunua nyumba kwa mara ya kwanza. Wengine walidhani ni zawadi kwa kila aliyenunua. Haikuwa hivyo.

Bei za nyumba zilikuwa zimeanguka na watu wengi wameshindwa kulipa mikopo yao. Ili kuwavuta wanunuzi, mwaka 2008 serikali ya nchi hiyo ilileta nafuu ya kodi: asilimia 10 ya bei ya nyumba, isiyozidi dola 7,500. Mwaka 2009 kiwango kilipandishwa hadi dola 8,000. Hata familia iliyodaiwa kodi ndogo kuliko fedha hizo ililipwa kilichozidi.

Sasa, mama, ni nani aliyeitwa mnunuzi wa mara ya kwanza? Sheria haikuuliza kama umewahi kumiliki nyumba maishani. Iliangalia miaka 3 kabla ya siku ya kununua: je, ulimiliki nyumba uliyoifanya makao yako? Aliyeuza nyumba yake miaka 4 nyuma, akapanga, alikubaliwa. Nyumba ya kupangisha haikumzuia mtu, mradi mwenyewe hakuishi humo. Kwa hiyo familia iliyojenga nyumba ya wapangaji huku Afrika, yenyewe ikipanga kule, haikukosa kwa sababu hiyo.

Wenye ndoa walipimwa wote wawili. Tuchukue mfano wa mama aliyeolewa mwaka 2008 na bwana mwenye nyumba yake. Wakaiuza, na mapema mwaka 2009 wakanunua nyingine. Mama huyu hajapata kumiliki hata chumba. Fedha ni akiba ya kazi yake ya uuguzi, na hati imeandikwa jina lake peke yake. Hata hivyo asingepata kitu, kwa kuwa mumewe alimiliki makao ndani ya ile miaka 3. Wachumba walionunua kabla ya kufunga ndoa hawakubanwa hivyo. Mmoja wao akitimiza masharti, aliweza kudai fedha yote. Ajabu, cheti cha ndoa kikawa gharama! (Lakini simshauri mtu aahirishe harusi.)

Nyumba iliyonunuliwa kwa mzazi, babu, bibi au mtoto wako haikukubaliwa. Mapato nayo yalitazamwa: wanandoa waliozidi dola 150,000 kwa mwaka walianza kupunguziwa, na kuanzia Novemba 2009 kikomo kikawa dola 225,000. Kwa wanunuzi wengi mlango ulifungwa mwaka 2010; mkataba ulipaswa kutiwa saini hadi Aprili 30.

Lililo zito zaidi ni kurudisha. Walionunua mwaka 2008 walikopeshwa tu, ingawa bila riba. Aliyepata dola 7,500 alitakiwa kurudisha dola 500 kila mwaka kwa miaka 15, kuanzia ritani ya kodi ya mwaka 2010 hadi ile ya 2024. Walionunua mwaka 2009 hawakudaiwa, isipokuwa kama nyumba ilikoma kuwa makao yao kabla ya miezi 36.

Na bwana akifariki je? Kama waliijaza ritani ile pamoja, nusu ya marehemu ilifutwa, mjane akaendelea na nusu yake, yaani dola 250 kwa mwaka. Ndoa ikivunjika na nyumba akaachiwa mke, deni lote lilimfuata yeye. Mwanamke aliyetia saini bila kusoma aliweza kukutana na deni hilo wakati amebaki peke yake na watoto. Ndiyo maana fomu namba 5405 na karatasi za mauziano hazikufaa kukaa katika mkoba wa baba tu, mama asijue zilipo.

Kama una dada aliyenunua nyumba huko mwaka 2008 akapata nafuu hiyo, mwulize kama malipo ya mwisho, yaliyokwenda na ritani ya 2024, yalifanyika, na kama risiti anayo.