Jotoardhi: Nishati Inayodai Ushirikiano wa Mataifa

Jotoardhi ni joto lililomo ndani ya ardhi, nalo hutumika kufua umeme. Katika Bonde la Ufa la Afrika Mashariki, miamba yenye moto iko karibu na uso wa nchi kuliko sehemu nyingi za dunia. Maji yanayopenya kwenye nyufa hupashwa joto na miamba hiyo. Kisima kikichorongwa hadi kina cha kilomita 2 au 3, maji hayo hupanda yakiwa na mvuke unaoweza kuzungusha mitambo usiku na mchana, mvua inyeshe au isinyeshe.

Ugumu uko kwenye utafutaji. Wanajiolojia huchunguza chemchemi, gesi na miamba, lakini uhakika hupatikana kisima kinapofika chini. Kisima kimoja hugharimu mamilioni ya dola, na kisipotoa mvuke fedha hizo zimepotea. Hasara ya namna hiyo ni nzito kwa nchi moja kuibeba peke yake.

Kenya ni mfano mzuri. Visima viwili vya kwanza vya Olkaria, karibu na Naivasha, vilichimbwa miaka ya 1950 bila mafanikio. Utafiti ulifufuliwa miaka ya 1970 kwa msaada wa Shirika la Maendeleo la Umoja wa Mataifa, UNDP, na mwaka 1981 mtambo wa kwanza wa megawati 15 ukaanza kazi. Baadaye ilikuja mikopo ya Benki ya Dunia, Japani na Ujerumani, pamoja na mitambo iliyoundwa Japani. Leo jotoardhi huzalisha zaidi ya asilimia 40 ya umeme wa Kenya.

Fedha peke yake zisingetosha. Tangu mwaka 1979, Iceland imekuwa ikiwapokea wataalamu wa nchi zinazoendelea kwa mafunzo ya miezi sita kila mwaka, na Kenya ni miongoni mwa nchi zilizonufaika zaidi. Kuanzia mwaka 2005, kozi fupi za mpango huo zikaletwa Kenya kwenyewe.

Kuhusu hasara ya visima, Umoja wa Afrika, Ujerumani na Umoja wa Ulaya walianzisha mwaka 2012 mfuko uitwao GRMF, unaochangia gharama za uchunguzi na uchorongaji katika nchi za Afrika Mashariki.

Sasa aliyefundishwa anafundisha. Kampuni ya KenGen ya Kenya imechoronga visima Ethiopia na Djibouti. Tanzania nayo iliunda kampuni ya TGDC mwaka 2013, na inatafuta mvuke Ngozi na Kiejo-Mbaka mkoani Mbeya. Bonde la Ufa halikatwi na mipaka ya nchi. Serikali zake zikipeana takwimu, mitambo ya kuchoronga na mafundi, kila kisima kitakachochimbwa upande mmoja kitapunguza gharama ya kisima cha jirani.